Turbo Moja au Mbili? Kwanza Tuulize Hewa ya Mbeya

Mtoto wa kaka yangu ana Starlet ya turbo, ile ya lita 1.3 yenye injini ya 4E-FTE, na amejiwa na wazo la kuifungia turbo mbili. Hakuja kuniuliza kama inafaa. Alikuja kuniuliza namjua fundi gani wa kuchomelea manifoldi, yale mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda. "Bamdogo, moja kila mtu anayo," akasema, kana kwamba hapo mjadala umekwisha. Mimi riziki yangu ni malori, pale Uyole, na magari madogo nayashika kwa mapenzi tu. Lakini ubishi huu nimeusikia vijiweni kuanzia Mwanjelwa mpaka Mafinga, na karibu kila mara watu wanahesabu turbo kabla hawajahesabu chakula cha turbo. Nimeona niandike kwa kirefu, yeye asome, na wengine wenye homa hiyo wasome.

Msimamo wangu nautoa mapema: injini ya petroli ya silinda nne, chini ya lita 2, na mwenyewe anaishi huku juu, afunge moja. Ila iwe imechaguliwa, isiwe imeokotwa. Sababu zake ndizo ndefu.

Tuanze na hewa. Dar es Salaam, usawa wa bahari, hewa inatukandamiza kwa paundi 14.7 kwa kila inchi ya mraba, kipimo kilekile tunachojazia upepo wa tairi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na mgandamizo ni kama paundi 12. Panda Isyonje, elekea Kikondo mpaka uwanda wa Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, unabaki na paundi 10 na ushee. Injini isiyo na turbo haina ujanja; inavuta kilichopo. Hapa mjini inapata takriban asilimia 81 ya mgandamizo wa Dar. Baridi yetu inatusaidia kidogo, maana hewa ya baridi imeshikana zaidi: asubuhi ya nyuzi 15 Mbeya ukiilinganisha na mchana wa nyuzi 30 Dar, uzito wa hewa katika kila lita unafika kama asilimia 86. Pengo bado lipo. Dereva anayetoka Pwani na gari lisilo na turbo huanza kulisikia Kitonga, na kufika Makambako ameshalaumu plagi, chujio na mafuta aliyojaza njiani.

Shida hii ndiyo iliyoikuza turbo. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo lenyewe mwaka 1905, la kutumia moshi wa injini kuzungusha feni moja, nayo kwa shafti ileile inazungusha ya pili inayosukuma hewa ndani ya injini hiyohiyo. Miaka 13 baadaye, 1918, mhandisi wa Marekani Sanford Moss aliibeba injini ya ndege aina ya Liberty mpaka kileleni mwa mlima Pikes Peak, jimbo la Colorado, mita 4,300 juu ya bahari. Bila turbo injini hiyo, ambayo kule chini ilikuwa na nguvu za farasi kama 350, ilishuka mpaka takriban 230. Alipoiwasha turbo, zikarudi zote. Kwa hiyo turbo ilipata sifa kama dawa ya mlima kabla haijawa pambo la vijana, na mimi napenda kuwakumbusha vijana wa Mbeya hilo kwa sababu wao wana haki nayo kuliko mtu wa Mbezi.

Sasa, watu wengi wanadhani turbo ikishafungwa mlima umekwisha. Haujaisha. Turbo ya zamani inadhibitiwa na kile kilango cha pembeni kinachoupitisha moshi usiende kwenye feni ya moshi, tunachokiita westigeti, na kilango hicho kinafunguliwa na kopo lenye springi. Springi inapima tofauti kati ya presha ya ndani ya bomba na hewa ya nje. Ikiwa imewekwa paundi 10, itakupa paundi 10 juu ya hewa uliyonayo. Dar unapata 14.7 na 10, jumla 24.7. Mbeya unapata 12 na 10, jumla 22. Geji kwenye dashibodi inasoma namba ileile sehemu zote mbili na dereva anaapa kuwa hajapoteza kitu, huku silinda zinajua ukweli.

Ukitaka Mbeya ule zile 24.7 za Dar, inabidi turbo ikandamize zaidi. Dar ilikuwa inaikuza hewa mara 1.68. Mbeya itabidi iikuze mara 2.06. Kitulo, mara 2.31. Ni turbo ileile na moshi wa injini ileile, lakini feni inalazimika kuzunguka kwa kasi kubwa zaidi ili kufikia jibu lilelile. Turbo ndogo za magari madogo tayari zinazunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika zikiwa kazini. Ukizisukuma nje ya kipimo chake, joto linapanda, beringi zinalia, na siku moja shafti inakatika. Hata hewa inayotoka ina moto zaidi: kwa kompresa (upande wa turbo unaokandamiza hewa) yenye ufanisi wa asilimia 70, Dar hewa ya nyuzi 30 hutoka ikiwa karibu nyuzi 100, na Mbeya hewa ya nyuzi 15 hutoka ikiwa karibu 110. Yaani baridi yote ya Juni uliyoisifia imeliwa ndani ya turbo, na intakula yako, ile rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, ina kazi zaidi kuliko ya mwenzako wa Pwani.

Upande wa pili wa shilingi ni kabla turbo haijaamka. Injini ya turbo hujengwa na mgandamizo mdogo wa silinda, yaani pistoni inaibana hewa mara chache zaidi, ili isigonge busti (presha ya turbo) ikija. Hiyo 4E-FTE inaibana mara 8.2 au 8.5 kutegemea toleo, wakati ndugu yake asiye na turbo yuko zaidi ya 9. Ongeza hewa yetu nyembamba. Kabla busti haijafika, Starlet ya 1.3 pale Uyole inavuta kama injini ya lita 1.1, na iliyolegezwa mgandamizo juu yake. Mtu aliyefunga turbo kubwa mno Dar anaona inachelewa kidogo. Mtu huyohuyo akihamia Mbeya na gari hilo, anangoja mpaka lori la nyuma linampigia honi.

Kwa hiyo mlima unatubana pande zote: turbo kubwa inachelewa zaidi kuliko Pwani, na turbo ndogo inachoka mapema kuliko Pwani. Hapo ndipo mpwa, nisahihishe, mtoto wangu maana ni wa kaka, anapoingiza turbo zake mbili. Hoja yake siyo ya kipuuzi, na nitaieleza vizuri kuliko alivyoieleza yeye.

Ugumu wa kuizungusha feni hauendi sawasawa na ukubwa wake. Feni mbili za umbo moja, moja ikiwa na kipenyo mara 2 ya nyingine, ile kubwa ni ngumu kuianzisha mara 32, kwa sababu hesabu inakwenda kwa kipeo cha tano. Maana yake ukiigawa kazi ya turbo moja kubwa kwa mbili ndogo, jumla ya ugumu wa hizo mbili inashuka mpaka kama theluthi moja ya ile kubwa. Kwenye karatasi umeamka mapema na mwisho wa safari una hewa ileile. Ndiyo maana injini za V6 na V8 hufungwa mbili: kila upande una silinda zake, moshi unatokea kushoto na kulia, na kuunganisha mabomba mpaka sehemu moja ni taabu. Injini ya silinda sita za mstari nayo hugawanyika vizuri, tatu kwa tatu, kila turbo inapokea mapigo ya moshi yaliyopangana bila kugongana.

Lakini karatasi ile imesahau mambo. Ukichepusha kijito kimoja kwenda kwenye vinu viwili, maji hayaongezeki. Kila kinu kinapata nusu. Injini ya lita 1.3 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, bila busti, inameza hewa isiyozidi lita 3,900 kwa dakika. Igawe kwa mbili. Kila turbo sasa inahudumia injini ya cc 650. Na injini za namna hiyo zipo, tunazo barabarani: ni zile za magari madogo ya Kijapani ya cc 660, kama Jimny ndogo na Terios Kid za turbo. Kwa hiyo ukitaka kujua Starlet ya turbo mbili itakuwaje, chukua turbo mbili za Jimny ya cc 660, uziweke upande kwa upande. Wajapani wenyewe walikubaliana magari hayo yasizidi farasi 64. Mbili zinakupa 128. Starlet ya turbo ilitoka kiwandani na 135 kwa turbo moja.

Najua 64 ni makubaliano ya watengenezaji, si mwisho wa uwezo wa turbo hizo. Ukizibana zinatoa zaidi. Ila nilipompa kijana hesabu hiyo alinyamaza kidogo, na kunyamaza kwake si jambo la kila siku.

Kuna na jambo la pengo. Kati ya ncha za feni na nyumba yake lazima kuwe na nafasi, la sivyo vitasuguana. Nafasi hiyo haipungui sawasawa na ukubwa wa feni. Ina mwisho wake. Feni ikiwa ndogo sana, sehemu kubwa zaidi ya moshi inapenya pembeni bila kufanya kazi. Halafu joto. Moshi wa petroli unatoka kwenye nyuzi 800 na zaidi, na joto hilo ndilo mshahara wa turbo. Nyumba mbili za chuma cha kalibu na mabomba mawili zina eneo kubwa la kupoteza joto kuliko moja. Ukijumlisha, ile theluthi ya karatasini inaliwa kidogo kidogo, na kwenye injini ya silinda nne ndogo mara nyingi hakibaki kitu cha kujivunia zaidi ya kibandiko.

"Mbona RX-7 ni 1.3 na ina mbili?" Hili alikuja nalo siku nyingine akiwa amejiandaa. Kweli, Mazda RX-7 ya miaka ya 1990 ina injini ya 13B-REW, vyumba viwili vya cc 654, na turbo mbili zinazofanya kazi kwa zamu. Lakini ile ni injini ya rota, isiyo na pistoni. Injini yetu ya pistoni yenye lita 1.3 inahitaji mizunguko miwili ya krenki kuvuta hizo lita 1.3. Ile ya rota inazivuta kwa mzunguko mmoja wa shafti. Kwa upande wa hewa na moshi, unaongelea kitu kinachofanana na injini ya pistoni ya lita 2.6, tena yenye moshi wa moto kweli. Na hata hapo, Mazda walihitaji msitu wa vibomba vya vakyumu na valvu kuziambia turbo zile lini ya pili iingie. Kijana anayelalamika kuchubua waya mmoja wa taa ya breki ndiye anayetaka msitu huo.

Mfano anaopaswa kuusoma uko karibu zaidi, kwa Toyota wenyewe. Injini ya 1JZ-GTE ya lita 2.5, silinda sita za mstari, ilianza mwaka 1990 na turbo mbili sambamba, yaani zote zinafanya kazi pamoja. Mwaka 1996 Toyota wakaibadilisha: turbo moja, pamoja na VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa kufunguka valvu. Farasi zikabaki 280 zilezile. Ila nguvu ya kuvuta, ile inayokutoa bondeni, ilikuwa inafika kilele kwenye mizunguko 4,800 kwa dakika. Ikashuka mpaka 2,400, tena ikiwa imeongezeka kidogo. Tunazijua Mark II za umbo lile, na waliobahatika kukutana na yenye 1JZ ya turbo moja wanajua inavyochanganya kutoka chini. Hiyo ni silinda sita, injini ambayo kwa maumbile inastahili turbo mbili kuliko Starlet, na bado waliondoa moja.

Subaru nao. Legacy za miaka ya 1990 zilikuwa na injini ya lita 2 yenye turbo mbili za kufanya kazi kwa zamu: ndogo ya kwanza inaamka chini, ya pili inaingia juu. Ni mashine ya kusifiwa, farasi 250 mpaka 280 kutoka lita 2, na wapenzi wake wapo. Tatizo linalojulikana dunia nzima ni pale kwenye kupokezana, mizunguko 4,000 na kidogo, nguvu inazama kabla ya kurudi. Mwaka 2003 Legacy mpya ikaja na turbo moja. Na Maserati Biturbo ya 1981, ambayo watu huitaja kama babu wa turbo mbili kwenye gari la barabarani, ilikuwa lita 2 kwa sababu Italia ilitoza kodi kubwa zaidi kwa injini zinazozidi lita 2, na ilikuwa V6. Hata hapa kwetu ushuru wa gari hutazama ukubwa wa injini, basi naielewa akili ile. Lakini V6 ni V6.

Kilichowarudisha wengi kwenye moja ni ufundi unaoitwa twini-skroli. Neno linatisha kuliko kitu chenyewe. Silinda nne zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Valvu za kutolea moshi hukaa wazi muda mrefu kiasi kwamba silinda moja haijamaliza kutoa, nyingine imeshaanza. Zikishirikiana bomba moja, pigo la moshi wa silinda ya 3 linarudi na kumsumbua wa 1 ambaye bado anatapika. Dawa ni kuunganisha 1 na 4 bomba lao, 2 na 3 bomba lao, na kuyafikisha yote mawili kwenye turbo moja ambayo koo lake limegawanywa kwa ukuta. Mapigo hayagongani, kila moja linaipiga feni kwa nguvu yake, na turbo inaamka mapema. Ile faida ya kutenganisha moshi ambayo watu wanaifuata kwenye turbo mbili, unaipata hapa kwa shafti moja, beringi seti moja, bomba la oili moja.

Nisisitize hapo kwenye oili, maana ndipo ninapoona magari yakifa. Turbo inaelea juu ya utando wa oili. Oili inaingia kwa presha lakini inatoka kwa kuanguka yenyewe, hivyo bomba la kurudishia lazima literemke, pana, bila kona za ajabu, mpaka kwenye sampu. Ukiweka turbo ya pili mahali pasipo na nafasi, inakaa chini mno, oili inashindwa kurudi, inajaa, inavuja kupitia sili mpaka kwenye ekzosti, na moshi wa buluu unakufuata mpaka Igawilo. Fundi wa kawaida akiona moshi huo anasema pistoni zimekwisha, injini inafunguliwa bure. Boneti ya Starlet tayari imebanana; pale ukipenyeza mkono kutoa plagi unaomba Mungu. Mbili zinataka mabomba mawili ya oili ya kuingia, mawili ya kutoka, maji ya kupoza mara mbili, viungo vya moto mara mbili vinavyoweza kupasuka. Na manifoldi ya kuchomelea ikipasuka kwenye mlima wa Chunya, hiyo ni shughuli ya siku nzima na kukodi gari la kukuvuta.

Halafu mbili sambamba lazima zilingane. Ikiwa moja imechoka beringi kidogo, yenye afya inasukuma hewa kuirudisha nyuma ile iliyochoka, unasikia mlio kama kikohozi unapoachia mafuta au hata ukiwa umekanyaga. Turbo za mtumba zinazokuja na injini za kukatwa kutoka Japani zina historia tofauti. Kupata moja nzima ni bahati. Kupata pacha mbili zilizochakaa sawasawa ni kutafuta mapacha waliozaliwa mikoa miwili.

Nimesema mengi dhidi ya mbili, na haki inanidai nitaje mahali ambapo mlima wenyewe unazitetea. Siyo sambamba, ni kwa mfuatano, turbo moja ikiilisha nyingine. Kumbuka zile mara 2.06 tunazozihitaji Mbeya. Ikiwa kubwa inaikuza hewa mara 1.45 na ndogo inaipokea na kuikuza tena mara 1.45, jumla ni mara 2.1, na hakuna hata moja iliyotokwa jasho. Kwenye dizeli hili lina maana sana, kwa sababu dizeli inapenda presha kubwa na haizunguki sana. Ndiyo maana pikapu za lita 2 za dizeli zimefanya hivyo kiwandani: Volkswagen Amarok ya 2010 ilikuwa na toleo la lita 2 na turbo mbili, na Ford Ranger ikafuata baadaye na dizeli ya lita 2 yenye turbo mbili inayotoa farasi 213 na torki, ile nguvu ya kuvuta, ya niutoni-mita 500. Hizo ninaziona zikipita Uyole na matela ya viazi nyuma, na sina neno baya. Mtu akinijia na dizeli ndogo inayopanda Makete kila wiki na mzigo, akaniuliza kuhusu mbili kwa mfuatano zilizojengwa hivyo tangu kiwandani, nitamwambia anunue. Nikiambiwa nizibuni mimi kwenye gereji kwa spana na mashine ya kuchomelea, nitakataa. Kinachozifanya zifae ni kontroboksi, kompyuta ya injini, yenye sensa ya mgandamizo wa hewa ya nje, inayojua kuwa imefika Kikondo na kuzigawia kazi upya. Bomba pekee halijui Kikondo ni wapi.

Nirudi kwenye petroli ndogo. Tukishakubaliana ni moja, kazi ya kweli ndiyo inaanza, na hapa vijiwe vyetu vinapita haraka mno. Swali si turbo ya jina gani. Swali ni gari linaishi mizunguko gani. Mtu wa mashindano ya kukimbia moja kwa moja atakuwa juu ya 5,000 muda wote, achukue kubwa. Lakini barabara yetu ya kutoka Mbeya kwenda Chunya inapanda kwa kona. Unaingia kona kwa gia ya pili, unatoka, unaingiza ya tatu, unarudi ya pili. Unaishi kati ya 2,500 na 4,500. Turbo isiyoamka kabla ya 4,000 hapo ni uzito wa kubeba. Ile ya kiwandani inaamka mapema vizuri, ila ukitaka nguvu zaidi katika hewa hii inafika mwisho upesi. Kinachohitajika ni hatua moja juu yake, yenye feni ya hewa iliyopanda kidogo na feni ya moshi ambayo haijapanda kwa kiasi hicho. Watu wa Pwani huwa wanapandisha zote mbili. Sisi tuuonee huruma upande wa moshi.

Geji tutakayofunga ni ile inayosoma kuanzia ombwe tupu, siyo kuanzia hewa ya nje. Zipo, na bei yake haitofautiani sana. Ikisoma 24, ni 24 Dar, ni 24 Tunduma, ni 24 Kitulo, na dereva haapi tena uongo. Kudhibiti busti tumwachie kontroboksi badala ya springi peke yake, na tumwekee ukomo kadiri hewa inavyopungua, ili turbo isiambiwe ifikie 24.7 mahali ambapo kufanya hivyo ni kujiua.

Kisha ramani. Kila turbo ya maana ina mchoro wake wa kompresa: huku kiasi cha hewa, huku mara ngapi inaikuza, katikati visiwa vya ufanisi, kulia mstari wa mwisho wa kasi ya feni, kushoto mstari ambao ukiuvuka hewa inarudi nyuma. Wauzaji na vijana huweka nukta moja ya usawa wa bahari na kufurahi ikiangukia kisiwa cha katikati. Nimemtaka huyu wangu aweke tatu, zote kwa presha ileile ya paundi 24.7 ndani ya injini. Ya Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, mita 500 na hewa ya paundi 13.8, ni mara 1.79. Ya Mbeya mjini ni 2.06. Ya Kitulo ni 2.31. Mkoa mmoja na kipande cha jirani, lakini ni nukta tatu zilizopandana kama ngazi. Turbo ambayo nukta ya Kyela na ya Mbeya ziko ndani na ya Kitulo iko ukingoni, tutaizungumzia, tushushe ukomo kidogo kule juu. Ambayo ya Mbeya tayari imegusa mstari wa mwisho wa kasi, aiache dukani hata ikiwa nusu bei. Akiwa ameshainunua, amtafutie mteja Kyela.